Fundi Kodi wa Nachingwea

Kabla ya kugusa trekta alikuwa ananawa mikono. Sisi mafundi wengine tunanawa baada ya kazi, tena kwa dizeli kwanza, ndipo maji. Yeye alinawa kabla. Aliomba maji, akaomba sabuni ya unga, akasugua mpaka viwikoni kama daktari anayekwenda kupasua mgonjwa, kisha akajifuta kwa kitambaa chake mwenyewe na kupanda kwenye kiti. Watu waliacha shughuli zao kuja kumtazama akinawa. Mimi nimekuwa fundi Nachingwea karibu maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akija kunitazama mimi nikinawa.

Jina lake silitaji. Kuanzia Marambo mpaka upande wa Ruangwa walimwita Fundi Kodi, na wengi wao hawakuwahi kujua jina alilopewa na wazazi wake. Mimi nililijua, maana tulikuwa majirani. Nyumba zetu zilikuwa ukuta kwa ukuta, na nyua zetu zilitenganishwa na michongoma tu. Lakini hata mimi nilimwita Fundi Kodi, ingawa lilinikwama kooni. Kwa sababu na mimi nilikuwa fundi, basi. Mtu akija kuulizia fundi, watoto wa mtaani walimuuliza, "Fundi Kodi au yule mwingine?" Yule mwingine ndiye mimi.

Jina lenyewe alilipatia Marambo. Mzee mmoja wa huko, aliyekuwa na Kiswahili cha kuokoteza sokoni, alikuwa amekodi trekta la kulimia, likamsusia katikati ya shamba. Jirani yangu akaitwa. Akanawa, akapanda, akawasha swichi, akatazama dashibodi, akasema kwa sauti yake ile ya kusikika kijiji kizima, "Mzee, hapa kuna kodi!"

Mzee akashtuka. "Kodi gani tena, mwanangu? Mimi nimelipa."

"Siyo wewe, mzee. Trekta ndilo lenye kodi."

"Na trekta nalo linalipa kodi ya maendeleo?" Mzee akaingia ndani, akatoka na risiti yake imekunjwakunjwa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Jirani yangu hakucheka. Alishuka, akamrudishia mzee risiti yake kwa heshima, akamweleza taratibu kwamba matrekta ya siku hizi yana kompyuta ndani, na kompyuta ikiona jambo halipo sawa inatoa namba kwa kupepesa taa, na namba hiyo ndiyo mafundi wanaiita kodi. Mzee akasikiliza, akauliza, "Kwa hiyo linasema linaumwa wapi?" Akamjibu, "Haswa, mzee. Umeelewa kuliko wenzangu."

Wenzake. Nani wenzake Nachingwea kama siyo mimi?

Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa. Ufundi nilijifunza kwa mzee aliyejifunza kwenye matrekta ya zama za ule mradi wa karanga wa Waingereza, na alinifundisha kutumia masikio. Miaka ya tisini yote, trekta likizimika popote wilayani, aliyefuatwa kwa baiskeli ni mimi. Nilisimama mbali kidogo, nikaliacha lingurume, nikakwambia nozeli ipi ya dizeli inavuja. Nilikuwa na heshima yangu. Kwenye harusi nilipewa kiti.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza yakaja matrekta mapya. Hayakuwa mengi: moja la tajiri wa ufuta hapa mjini, moja la kikundi cha wakulima kule Likunja, mengine ya watu wa kukodisha. Yalikuwa na vioo pande zote na dashibodi iliyojaa taa. Hayo hayakuwa yanaharibika kama trekta linavyoharibika. Yalikuwa yanasusa. Injini inawaka vizuri, moshi hamna, mlio safi kabisa, lakini ukikanyaga mafuta halipandi mwendo. Linatembea kama mtu aliyelazimishwa kwenda msibani. Na taa ya njano inapepesa, inapepesa.

Siku ya kwanza kumwona akifanya kazi ilikuwa kwa yule tajiri wa ufuta. Nilikuwa nimeshatoa hewa, nimebadilisha filta, nimefungua nozeli zote na kuzipanga juu ya turubai. Trekta limesusa vilevile. Akaja huyu bwana, mgeni hapa mjini, shati jeupe, amesomea Arusha kwa watu walioyaleta matrekta yale. Akanawa. Akakaa kitini, akaizungusha swichi bila kuwasha injini, akanyoosha kidole juu.

"Nyamazeni kidogo. Linazungumza."

Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tatu. Akaiacha irudie. Kisha akashuka, akafungua boneti, akaufuata waya mmoja kwa ncha za vidole kama mtu anayepapasa mkufu wa mkewe, mpaka nyuma kabisa ya injini, mahali ambapo panya walikuwa wamejenga. Waya ulikuwa umetafunwa nusu. Akaunga, akafunga, trekta likapanda.

Tajiri akalitazama trekta, akanitazama mimi, akaitazama turubai yangu. Yule bwana akaja akachuchumaa karibu yangu, na mikono yake iliyonawa akaanza kunisaidia kurudisha nozeli moja moja. Angenicheka ningekuwa na la kumchukia.

Alikuwa na misemo yake. "Kodi haikwambii kilichokufa, inakwambia nani kapiga kelele." Hilo alilisema kila mara, maana madereva wengi walidhani namba ikisema sensa ya joto, yaani kile kidude cha kupima joto la injini, basi unanunua sensa ya joto na mambo yamekwisha. Yeye alisema sensa ni shahidi tu, na shahidi humfungi kabla hujamhoji. Alimhoji dereva pia. Lilianza kususa asubuhi au mchana? Mvua ilinyesha? Nani alilifungua mara ya mwisho, na usinidanganye, mimi siyo polisi. Betri aliipima kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu, alisema, kompyuta yenye njaa inaropoka. Na hakuifuta kodi hata moja kabla ya kumwonyesha mwenye trekta kwanza. Kufuta bila kutibu, alisema, ni kumziba mgonjwa mdomo.

Nilikuwa nayakariri maneno hayo bila kutaka. Nikiwa peke yangu gereji nilijikuta nayasema, nikayatemea mate.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kelele. Alijisifu mbele ya wakubwa na wadogo. Alipoingia mgahawani, habari za trekta la jana ziliingia kabla yake. Baiskeli yake ilikuwa haina breki miaka yote niliyomfahamu, akisimama kwa kuburuza kandambili. Redio yake ilikoroma ukutani kwangu kila jioni na hakuigusa, akasema hiyo siyo kazi yake. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: hakujua kuendesha trekta. Aliweza kulifufua, hakuweza kulitoa kwenye banda. Siku moja alijaribu, akaangusha uzio wa tajiri na mkorosho mchanga, akashuka, akaniomba, "Ndugu yangu, nisaidie kulitoa." Nililitoa kwa madaha yote, nikalizungusha uwanjani mara mbili bila sababu. Nilipotazama nyuma nione kama watu wananiangalia, walikuwa wamemzunguka yeye, anawasimulia alivyoangusha uzio.

Hata kushindwa kwake kulikuwa kwake. Wakati mmoja trekta la kukodisha lilileta namba ya mgandamizo wa dizeli. Yeye akasema sensa ya pampu, akapima, akasisitiza, ikaagizwa Dar, ikaja na basi, ikafungwa. Trekta likasusa. Mimi nilipita pale kwa shughuli nyingine, nikanusa tanki, nikafungua koki ya chini. Yakatoka maji. Dizeli ilikuwa inawekwa kwenye pipa lisilo na kifuniko, nje, masika nzima. Nikaondoa maji, nikabadilisha filta, trekta likavuta. Nilirudi nyumbani natembea taratibu ili habari initangulie.

Kesho yake alinikuta sokoni, akanishika mkono akauinua juu mbele za watu. "Jamani, fundi ni huyu! Mimi kodi ilinipeleka Dar es Salaam, yeye pua ilimpeleka kwenye pipa!" Soko likaangua kicheko. Kufika alasiri kila mtu alikuwa anaisimulia. Lakini katika masimulizi yao, mtu aliyekuwa akitajwa ni Fundi Kodi, jinsi alivyo mcheshi, jinsi asivyo na makuu, jinsi anavyojicheka mwenyewe. Aliyenusa tanki alikuwa yule mwingine.

Ningevumilia kama angebaki sokoni na mashambani. Akaingia na uani kwangu. Jioni moja nilirudi kutoka gereji nikamkuta amekaa kwenye kibao, mke wangu anachambua mbaazi kwenye ungo, naye kashika tochi. Anaiwasha, anaizima.

"Hiyo ni ngapi, shemeji?"

"Tatu, halafu moja," mke wangu akasema.

"Umeniangusha. Angalia kituo. Kimya nacho ni maneno."

Akaiwasha tena. Mke wangu akaacha mbaazi, akakaza macho. "Mbili, kituo, mbili."

"Wallahi huyu ni fundi! Ndugu yangu, njoo uone, mkeo ana macho!"

Mke wangu akacheka. Kicheko kile sikukifahamu. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi, nikidhani vicheko vyake vyote navijua. Nikasema nimechoka, nikachukua ndoo nikaenda kuoga.

Tulipokula akaniambia, "Baba Zainabu, kwa nini hukai naye akakufundisha? Amesema anatamani ujue."

"Mimi nina masikio."

"Masikio hayaoni taa."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anaisema kwa wema, na vyote viwili viliniuma. Kwa sababu ndivyo alivyokuwa yule bwana: hakuficha kitu. Alimfundisha dereva, alimfundisha muuza maandazi, angemfundisha mbuzi kama mbuzi angetulia. Fundi mchoyo wa elimu unaweza kumsema vibaya kwa watu. Huyu nilimsema kwa nani?

Lakini lililonikata maini ni la Likunja.

Baba mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa kile kikundi cha wakulima. Dereva wa trekta la kikundi alikuwa mwanawe, shemeji yangu, mtu mzima mkimya, mwenye familia. Mvua za kwanza zilipoanguka trekta likasusa. Taa ikasema joto la injini. Wakanunua sensa, wakaifunga wenyewe. Siku ya pili taa ikarudi. Wanakikundi wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona. Wakasema dereva amelichemsha, alikuwa analima bila kutazama maji, na baba yake anamficha. Wengine walikumbuka kwamba hata uenyekiti wenyewe alikaa muda mrefu mno. Mashamba yakawa yanasubiri, ardhi imelainika vizuri kabisa, na kila siku iliyopita ilikuwa inahesabiwa kuwa kosa la yule mzee. Wakapanga mkutano wa kumtoa.

Mimi nilipata habari kwa njia ya kuona. Nilikuwa gereji, nikamwona shemeji yangu anapita na pikipiki ya kukodi, akanipungia mkono, hakusimama. Baadaye kidogo pikipiki ikarudi, na nyuma yake amekaa Fundi Kodi, shati jeupe, mfuko wake wa vifaa kifuani. Walipita mbele ya gereji yangu, mimi mkwe wa mwenyekiti, kwenda kulitibu trekta la kikundi.

Niliifunga gereji, nikatafuta pikipiki yangu, nikawafuata. Hakuna aliyeniita.

Nilipofika Likunja kikundi kizima kilikuwa kimezunguka banda, wanaume wamesimama, wanawake wamekaa upande wa kivuli na majembe yao. Shemeji yangu alisimama peke yake, mikono nyuma. Baba mkwe aliniona, akasema, "Karibu, mkwe," akageuka.

Fundi Kodi alikuwa ananawa. Akapanda, akaiacha taa irudie. Akashuka, akamwita shemeji yangu karibu, akamuuliza mbele ya watu wote, lakini kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Kaka, taa inawaka wakati gani? Ukiwa unalima, au asubuhi unapolikuta?"

"Asubuhi. Haijawaka bado injini, taa ipo."

"Injini ya baridi?"

"Ya baridi."

Akageuka kwa watu. "Mmesikia? Trekta limelala usiku kucha, limepoa, linasema linaungua. Sasa aliyelichemsha ni nani, ndoto?"

Kisha akaanza kuzungukazunguka bandani, ananusa kama mimi nilivyonusa siku ile ya pipa. Kwenye kona, nyuma kabisa, ilipangwa mifuko ya salfa iliyobaki baada ya kupuliza mikorosho. Mmoja ulikuwa umepasuka, unga wake wa njano umetapakaa mpaka kwenye magurudumu. Akaichomoa plagi ya sensa, akaiinua juu ili watu waione. Zile pini za shaba ndani zilikuwa nyeusi ti, kama jino bovu.

"Salfa na unyevu wa mvua," akasema. "Inakula shaba. Sensa mmebadilisha, mdomo wake mmeuacha mchafu. Itasema kweli vipi?"

Akatoa mswaki mfukoni, mswaki wa kawaida wa meno, akasugua kwa petroli, akakwangua kwa kipande cha msasa, akapaka grisi kidogo, akafunga. Akawaonyesha taa mara ya mwisho, ndipo akaifuta. Shemeji yangu akapanda, akaliwasha, akalitoa bandani moja kwa moja mpaka shambani. Wanawake wakapiga vigelegele. Waliokuwa wakitaka mkutano wakawa wa kwanza kuhamisha mifuko ya salfa.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mgumu. Sikuwahi kumwona akigusa mtu. Akatembea mpaka kwa Fundi Kodi, akamshika mabega yote mawili, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu. Mimi nimemwoa binti yake, nimemzalia wajukuu, nimemwezekea nyumba, nimemtibia pampu yake ya maji sijui mara ngapi. Mimi ni mkwe. Mpaka mzee yule anafariki, sikuwahi kuwa kingine.

Baada ya hapo Fundi Kodi alizidi kuitwa mbali, na mwisho akahamia Ruangwa, alikochukuliwa na mwenye mashamba makubwa kumtunzia matrekta yake. Siku ya kuhama mke wangu alimfungia chakula cha njiani. Mimi nilimbebea godoro. Redio haikukoroma tena ukutani, na nilidhani nitalala vizuri. Wateja walirudi kwangu. Walinieleza Fundi Kodi angefanyaje.

Ikapita miaka. Miaka ya elfu mbili ilikuwa inaelekea kwisha, bodaboda zimejaa kila kona, nilipokwenda Ruangwa kufuata giaboksi. Nikaingia kwa mama ntilie mmoja kupata chai, nikamkuta Fundi Kodi amekaa mezani peke yake, sahani ya mihogo mbele yake haijaguswa. Alikuwa amekonda. Alinyanyuka akanikumbatia, akaulizia nyumbani, akamuulizia mke wangu, watoto. Lakini sauti ile haikuwepo, na hakunisimulia trekta hata moja.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi." Akausogeza muhogo, akaurudisha. "Wameleta dada mmoja kutoka Dar. Ana laptopu. Anachomeka waya chini ya usukani, anasubiri kidogo, kompyuta inamwandikia kila kitu. Siyo namba tu. Inamwonyesha joto, dizeli, mzunguko, vyote vinatembea kwenye kioo."

"Na anapatia?"

"Anapatia, ndugu yangu. Hilo ndilo tatizo. Ningemkuta amekosea hata mara moja ningepumua." Akaangalia mlangoni, kisha akainama kwangu. "Watu wanamzunguka. Tajiri anamwita 'binti yangu'. Na ana adabu! Anataka kunifundisha. Ananiita baba, ananivutia kiti, ananiambia njoo uone. Mimi nasema nimechoka."

Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana lakini niliinywa.

Sitaficha kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Cha pili kilikuja palepale nyuma yake, kikaifukuza. Yule dada alikuwa na muda mfupi tu Ruangwa, na tayari mtu huyu alikuwa hali wala hanywi kwa ajili yake. Mimi niliishi ukuta kwa ukuta naye, nikamshinda kwa pipa la dizeli, nikaendesha matrekta ambayo yeye aliyaogopa, na miaka yote hiyo hakunionea wivu hata siku moja. Hata nusu siku.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu niambie. Wewe umeshawahi kumwonea mtu wivu hivi? Mpaka chakula hakipiti?" Akanitazama kwa macho ya mtu anayeuliza dawa. "Sidhani. Wewe siku zote nilikuona umetulia. Nilikuwa namwambia shemeji, mumeo hana makuu, ana amani moyoni."

"Yupo mmoja," nikasema.

"Nani? Namfahamu?"

"Humfahamu."

"Fundi?"

"Fundi."

Akasogeza kiti karibu. "Alikuwa anajua kazi kweli, au watu walimkuza tu?"

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka, gereji, njiani, nikiwa na ndoo bafuni. Nikamtazama, shati lake jeupe limechakaa kola.

"Alijua," nikamwambia. "Wilaya mbili hizi sijaona mwingine. Nilikuwa nafunga gereji nakwenda kumtazama."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniwekea mkono begani.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Kumbe na wewe umepitia."

Kisha akavuta sahani, akakata muhogo vipande viwili, kimoja akanisogezea mimi, tukala.